Salamu Maria Tano

Jumatatu moja ya mwezi wa nne, mwaka 1996, fundi Onesphore alikuwa amechuchumaa kwenye banda lake la bati nyuma ya stesheni ya Mpanda, anaosha pistoni kwa dizeli ndani ya sufuria ambayo mkewe alikuwa akiitafuta tangu Pasaka. Injini ilikuwa ya Land Cruiser ya kituo kimoja cha afya huko Mpimbwe. Alikuwa anaifungia tabo, kama mafundi wa pale wanavyoiita turbo, aliyoitoa kwenye lori lililopinduka.

Mkewe, Séverine, alikuwa Usevya, huko huko Mpimbwe, kwa mama yake, anasaidia palizi ya mpunga akiwa na mimba ya miezi saba. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa kisu, na mkunga alishasema wa pili lazima azaliwe hospitali ya Mpanda. Kati ya Usevya na Mpanda kuna mbuga nzima, mbung'o na matope, na gari la wagonjwa lilikuwa hilo hilo moja. Likizimika njiani, basi.

"Tabo haiui injini," Onesphore alimwambia Masunga, dereva wa kituo. "Tamaa ndiyo inaua. Nataka gari la kwenda kila siku, siyo la kushindana na treni."

Kwa hiyo alipunguza nguvu ya upepo, akaweka gasketi nene, akapanua bomba la oili na kufunga rejeta kubwa. Sharti likabaki moja. Kabla ya kuzima, injini iachwe ingurume taratibu mpaka tabo ipoe, la sivyo oili itaungulia ndani. Onesphore hakuwa na saa. Alipima kama alivyofundishwa na fundi wake kule makazi ya wakimbizi ya Katumba: Salamu Maria tano, bila haraka. Masunga hakuwa mtu wa kanisa. Alijaribu kuhesabu ng'ombe wa baba yake, mmoja mmoja kwa rangi yake, akakuta Salamu Maria tano ni sawa na ng'ombe kumi na wawili.

Gari likatoka zima kabisa, na hapo ndipo palipoharibika. Lilipokuwa bovu lilishinda kituoni, na mgonjwa aliyefika alilikuta. Lilimfikisha kwa kukohoa, lakini lilimfikisha. Sasa mkubwa wa kituo aliona gari linapanda mlima na mzigo bila kutoa moshi. Mwezi wa sita mpunga wake ulivunwa, na gari likawa linashinda barabarani likibeba magunia yake.

Alhamisi moja mama yake Séverine alimpeleka bintiye kituoni kwa baiskeli, uchungu umeanza. Walikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Séverine alikufa saa tisa alasiri, mkoba wa nguo za mtoto ukiwa mapajani. Gari lilirudi saa kumi. Injini haikuwa na tatizo lolote.

Alizikwa Ijumaa. Jumatatu Masunga alifika Mpanda na magunia ya mkubwa, akapita kwa fundi kubadilisha oili. Aliacha injini ingurume, akaanza kuhesabu ng'ombe. Alipofika kwa yule mwekundu mwenye pembe moja, mlango wa nyuma ulifunguliwa, akashuka mzee Yotham, aliyeumwa na nyoka mwanzoni mwa mwezi huo akafa akilingoja gari. Akafuata Marta wa darasa la nne, wa malaria. Wa mwisho alikuwa Séverine, anashuka taratibu kwa sababu ya tumbo.

"Bwakeye," alimsalimia mumewe kwa Kirundi. "Nimechelewa?"

Onesphore alichungulia chini ya injini. Hapakuwa na tone la oili.

"Gari ni zima," alisema.

Alilia, na kwa kuwa mikono ilikuwa na grisi hakuweza kujifuta. Watatu hao walitembea hadi hospitali, wakapanga foleni. Daktari aliwapima, akaandika kwenye vyeti vyao neno moja, wamechelewa. Jioni walirudi na gari. Kesho yake wakaja tena.

Wiki ya pili mkubwa wa kituo alikuja bandani mwenyewe.

"Fundi, mimi sina neno na marehemu," alisema. "Wakae. Ila wananimalizia nafasi. Gunia ishirini zimebaki kumi na moja. Nichomelee keria juu."

"Hao ni wagonjwa wako, mzee."

"Walikuwa," alisema mkubwa, bila ubaya wowote.

Alipoondoka, Onesphore aliingia chini ya gari, akashika nati ya bomba la oili kwa spana. Akiilegeza robo mzunguko tu, tabo itakufa kabla gari halijafika Sitalike. Gari litarudi kushinda kituoni kama zamani, na aliye hai atalikuta. Lakini Séverine atabaki kwenye benchi, na hatakuja tena. Alilala pale chali muda mrefu, miguu nje. Kisha akaikaza nati na kwenda kuchomelea keria.

Keria ilibeba magunia kumi na manne. Marehemu hawakuwa na uzito wa kuhitaji springi za ziada. Aliongeza za mpunga.

Mwezi wa saba, Jumanne, gari liliegeshwa bandani kama kawaida. Walishuka watu saba. Onesphore alimshika mkewe mkono, akamwekea kigoda. Nyuma yao alishuka wa nane, amevaa kanga mpya, mkoba ameushikilia mapajani hata akiwa amesimama. Alikuwa Minza, dada yake Masunga.

Masunga alimwona kwenye kioo. Hakuzima gari.

"Umefika ng'ombe wa ngapi?" Onesphore alimuuliza.

"Wa baba wameisha," Masunga alisema. "Nimeanza wa jirani."