Nguzo za Nyumba ya Phally

Phally alikuwa uvunguni mwa nyumba yake iliyoinuliwa juu ya nguzo, akifuma krama, skafu ya pamba, watoto wakinywa uji kwenye machela iliyoning'inizwa hapo, aliposikia mbao za sakafu zikilia juu ya kichwa chake. Nyumba ilishuka. Ilishuka taratibu, kama ng'ombe anayelala, kisha ikatulia. Nguzo hazikuvunjika wala hazikuzama ardhini. Zilikuwa fupi tu kuliko jana. Phally aliunga uzi uliokatika, akaendelea kufuma.

Ilikuwa siku ya rejesho la mkopo, nao hawakuwa wamelipa. Mwaka uliotangulia mama mkwe wake alilazwa hospitalini mjini, wakaweka hati ya shamba kwenye kampuni ya mikopo ili wamtibu. Mama mkwe alipona kidogo, akafa kwa jambo lingine. Deni lilibaki.

Rithy, mumewe, alikuwa fundi wa ujenzi jijini Phnom Penh. Aliporudi Jumamosi kwa pikipiki yake, alipita uvunguni kama alivyozoea, akagonga paji la uso kwenye boriti.

"Tumechelewa?" aliuliza, akijishika kichwa.

"Tumechelewa."

Aliketi kwenye machela. Nyumba ya jirani yao, Saroeun, ilikuwa imekaa chini kabisa tangu mvua za kwanza. Ngazi yake alishaiuza.

Jumatatu alikuja Vannak, kijana wa kampuni, shati limepigwa pasi, kofia ya pikipiki mkononi. Aliinama bila kuambiwa.

"Mama mdogo, usiumize kichwa. Chukua mkopo mpya, huu wa zamani tunaufuta, na hela kidogo inabaki mkononi."

"Na rejesho?"

"Linaongezeka kidogo tu. Sahihi ni kidole gumba tu; chovya wino, weka hapa."

Phally aliweka. Jioni nyumba ilipanda, ikapita hata urefu wake wa kwanza, na Rithy akalazimika kuongeza vidato vya ngazi. Kwa wiki chache watu walisema kwa Phally kuna upepo mzuri. Kisha rejesho jipya likawashinda, na nyumba ikashuka kwa kishindo hadi vyombo vikaanguka jikoni.

Tangu hapo Phally hakutulia. Akifuma, jicho moja lilikuwa kwenye uzi na jingine kwenye boriti. Akisikia pikipiki barabarani, aliacha kufuma hadi ipite. Boriti ikigusa kitanda cha kufumia, hakutakuwa na kufuma. Pasipo kufuma, hakutakuwa na kulipa. Na asipolipa, boriti itazidi kushuka. Aliwaza hivyo akipika, akioga, akiwasha ubani kwa ajili ya mama mkwe.

Katikati ya hofu hiyo, dada yake Rithy akaposwa.

"Kuna mama pale sokoni anakopesha bila hati," Rithy alisema. "Tuchukue kidogo. Mimi ndiye kaka mkubwa, nitaonekanaje mbele ya watu?"

"Utaonekana umeinama, kama sote."

"Phally, usinitanie."

"Sikutanii, baba watoto. Kukopa harusi, kulipa matanga. Wewe unataka tukope harusi yenyewe!" "Sikopi tena ili nilipe deni. Ukikopa wewe, ulale peke yako chini ya hii nyumba."

Rithy alitoka. Alirudi giza likianza kuingia, bila pikipiki. Alikuwa ameiuza.

Usiku huo walihesabu kila kinachoingia, wakaapa rejesho litatengwa kabla ya mchele kununuliwa. Harusini walipeleka bahasha nyembamba na krama mbili, na mashangazi wakanong'ona hadi keki ikakatwa. Rithy alianza kupanda lori la vibarua. Phally alikata miguu ya kitanda cha kufumia, akawa anafuma amepiga magoti.

Bado haikutosha. Sreyneang, binti yao wa kwanza, aliliona hilo kabla hawajamwambia. Alikunja sare ya shule, akaondoka na wasichana wengine kwenda kiwanda cha nguo.

"Ni mpaka deni liishe tu, mama," alisema.

Phally alimfungia samaki mkavu, akashindwa kumwangalia.

Nyumba ilishuka mara moja tena, kisha ikasimama. Rejesho baada ya rejesho haikusogea. Watoto walikua wakijifunza kukimbia wameinama.

Siku ya malipo ya mwisho Vannak aliingia uvunguni akitambaa, hati ya shamba mdomoni ili isichafuke. Phally aliipokea, akaisoma yote, akaikumbatia.

"Sasa itapanda?" aliuliza.

"Nyumba? Hapana, mama mdogo. Hilo halimo kwenye mkataba." Vannak alijifuta magoti. "Ila mteja mzuri kama wewe anastahili mkopo mkubwa zaidi. Unaweza hata—"

Boriti ililia juu yao. Phally aliweka kiganja juu yake, kama anayetuliza mnyama.

"Mwanangu, nenda. Nenda kabla haijasikia vizuri."

Vannak hakukasirika. Alisema hata chumba alichopanga mjini kilikuwa ghorofa ya tatu alipokopa pikipiki, na sasa anaingilia dirishani kutoka barabarani. Akaaga kwa heshima.

Jioni Sreyneang alipiga simu. Phally alimwambia deni limeisha. Upande wa pili mashine zilikuwa zikinguruma.

"Vizuri, mama," msichana alisema. "Shuleni wamesema nimepita umri. Nitabaki huku."

Phally aliweka simu, akarudi kwenye magoti yake. Ng'ambo ya uzio, paa la Saroeun lilikuwa limefika usawa wa nyasi. Vannak alikuwa amechuchumaa kandoni, akigonga bati kwa adabu, na mkono wa Saroeun ukatokea kwenye tundu, kidole gumba kikiwa tayari kimepakwa wino.