Kibutu Aliandikwa Mara Tatu

Mtaalamu aliyetumwa kuhesabu mbega alikuwa ameshafunga mkanda na gari linanguruma, shemeji yangu alipoushika mlango. Shemeji ni mlinzi wa msitu, mwaka wa kumi na tisa. Mimi nilipita kwake kupumzisha miguu tu, nikapewa kazi ya kubeba kamba za kupimia.

Tulihesabu mbega wekundu siku tatu, katika njia tatu za msitu, kila siku njia moja. Watu wa kazi hii huhesabu njia zote asubuhi moja, kila njia na mtu wake. Mtaalamu alitaka kuona yote kwa macho yake, tena baada ya chai. Basi kundi likawa linahama njia hadi njia kufuata majani machanga, nasi nyuma yake. Wale wa jana ndio wa leo, ndio wa kesho. Kati yao kuna jike lililokatika mkia, shemeji analiita Kibutu. Kibutu aliandikwa mara tatu.

Arobaini na mmoja wakawa mia moja ishirini na watatu. Wakivuka mia, hawahesabiwi tena kuwa hatarini. Ulinzi unaondolewa, wapasua mbao wanaingia. Ndiyo maana shemeji alikimbia bila viatu.

“Bosi, ni kundi moja. Kibutu umemwandika mara tatu. Rekebisha kabla hujaondoka.”

Mtaalamu alimtazama kama anayetazama tope kwenye kiatu chake. Akasema fomu haina nafasi ya majina ya nyani.

“Si nyani. Ni mbega.”

Siku tatu anahesabu mnyama asiyemjua! Nikashindwa kunyamaza. “Mheshimiwa, mimi niliishia darasa la nne. Lakini ukilizunguka gari hili mara tatu, tuandike wajinga watatu?”

Dereva alicheka, akajisingizia kikohozi.

“Mzee, hii ni sayansi,” akasema Mtaalamu. Kioo kikapanda.

Ripoti ilitoka na mia moja ishirini na watatu wake. Mtaalamu alipandishwa cheo, sasa anafundisha wengine kuhesabu. Dereva bado anamwendesha. Kituo cha ulinzi kilifungwa. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Wajenzi walikuja, miti ndiyo haipo. Shemeji analinda geti la ghala la mbao, na kila gogo linaloingia anajua lilisimama wapi. Mwaka uliofuata nilipita tena, nikahesabu mwenyewe, asubuhi moja. Mbega tisa. Wote wana mikia.