Keria ya Mtu Mmoja

Jamani, mgomo wenyewe haukuwepo! Ulikuwa uvumi tu, eti daladala zitagoma. Asubuhi Kihonda nzima ikapanda baiskeli, mpaka imamu na kanzu yake. Makonda wakaita abiria hadi sauti zikawakauka. Walipoona magari matupu, wakapandwa na hasira, wakagoma kweli.

Ndivyo Twalibu alivyojikuta stendi ya Msamvu na baiskeli ya kuazima, akimpokea mama mkwe wake, Bi Chausiku, kutoka Dumila. Na mama hakuja kutembea. Mwanvita, mke wa Twalibu, alikuwa amenuna wiki nzima, akampigia mama yake simu kwamba mume huyu hana heshima na ukweni. Mama kaja na tiketi mbili za kurudi, yake na ya bintiye. Twalibu alijua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usafiri uko wapi?"

Bodaboda zote zilishagombaniwa. Twalibu akaitazama keria. Mkwe akae pale, amshike kiuno mchana kweupe? Astaghfirullah!

"Mama, ukikaa, mimi nitakokota..."

"Unikokote kama gunia la mkaa?" Akamtwika begi, akajifunga kanga vizuri, akapanda, akashika usukani mwenyewe. "Wewe kimbia nyuma, unielekeze."

Sasa hapo ndipo kasheshe. Mkwe haamrishwi, anaombwa. Twalibu akakimbia, begi kichwani, akipaza sauti: "Mama, niwie radhi, kwa hisani yako, naomba tukate kushoto!" Ombi likiisha, kona imeshapita. Wakazunguka, wakarudi palepale, ombi likaanza upya.

"Sema 'kushoto' tu, wewe!" makonda waliokaa kivulini wakamfokea. "Utampoteza mkweo!"

"Siwezi!" Twalibu akalia, na alikuwa analia kweli.

Mwanvita alikuwa mlangoni, nguo zake zimeshafungashwa, alipomwona mama yake anaipita nyumba kwa kasi, na mumewe nyuma, kiatu kimoja mguuni, akiomba: "Mama, samahani sana, nakuomba, ikikupendeza, usimame!" Nyumba ikapitwa mara ya pili. Mwanvita akacheka mpaka akakaa chini, na machozi yakamtoka.

Bi Chausiku akasimamishwa na ua wa michongoma. Akajikung'uta majani.

"Huyu ndiye asiye na heshima? Kanizungusha Kihonda yote na heshima zake!" Akalitazama furushi la bintiye. "Rudisha ndani. Kesho atanipeleka stendi kwa baiskeli hiihii, na keria ni ya mtu mmoja."