Madirisha Tisa ya Redio

Kabla hajapooza, mume wa fundi cherehani aliitwa Redio, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Alikuwa mnadi wa mitumba sokoni, mdomo hauna breki, na hata nyumbani aliinadi chai: "Ya moto hiyo, nani anaongeza?" Kiharusi kikamnyang'anya upande wa kulia, nusu ya macho, na ulimi wote. Nyumba ikanyamaza mwaka mzima, hadi fundi akaisikia saa ya ukutani, ambayo kwa miaka thelathini na moja ya ndoa hakujua kama ina sauti.

Ndipo muuguzi wa kliniki akawaletea tableti yenye programu ya kusemea. Unagusa picha, yenyewe inasema. Picha zilikuwa tisa, lakini Redio hakuziona vizuri. Basi fundi akachukua plastiki nene, akakata madirisha tisa, akayazungushia mshono wa uzi mnene, akakivalisha kioo cha tableti. Kidole cha kushoto cha Redio kikajifunza njia kwa kupapasa. Juu kushoto, maji. Katikati, maumivu. Chini kulia, kwenye kona, binti yao aliongeza maneno yasiyokuwa ya kliniki: "Bosi, njoo." Ndivyo Redio alivyomwita mkewe tangu uchumba, kwa kumtania. Kujifunza huko kulichukua miezi minane ya jasho na machozi, usicheze.

Basi ikawa kutwa ni "Bosi, njoo." Fundi anaacha kitambaa chini ya sindano, anaingia chumbani.

"Haya, unataka nini?"

Hataki kitu. Anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, basi.

"Una kesi wewe!" fundi anamwambia, na anarudi kazini akicheka hadi jino la mwisho.

Sasa programu ile ilikuwa na tabia moja ya kero. Kila baada ya siku chache ilileta maandishi: toleo jipya liko tayari, sasisha sasa au baadaye. Fundi alibonyeza "baadaye" kwa miezi. Jumatatu moja asubuhi hapakuwa na baadaye. Kiduara kilizunguka weee, kisha yakaja maneno: "Karibu! Tumekurahisishia." Jamani, nani aliwaomba? Mtu yuko kwake, unaingia bila hodi, unampangia upya vyombo vyake, halafu unamkaribisha!

Picha tisa zilikuwa zimegeuka sita, kubwa, za mviringo. Fundi hakuzitazama. Alikuwa na sare za shule arobaini za kumaliza, akavalisha kifuniko chake kama kawaida, akaiweka tableti mapajani mwa mumewe, akaenda zake.

"Nataka kwenda chooni," sauti ikasema.

Fundi akakimbia. Akamwinua, na Redio ni pande la mtu, akamkokota, akamkalisha. Hakuna kitu. Akamrudisha. Hajakaa vizuri kwenye cherehani: "Nataka kwenda chooni." Mara ya tatu Redio alitikisa kichwa na kukaza mwili, mkewe akadhani ni aibu. "Usione haya, baba, mimi ni mkeo." Mara ya tano mgongo ulikuwa unawaka moto na uvumilivu umekwisha.

"Unanichezea!" akafoka. "Kama huna haja, niache nifanye kazi!"

Redio akamtazama. Chozi likamtoka. Fundi akalifuta kwa upindo wa kanga, harakaharaka, akarudi kwenye sare zake. Hapakuwa na mara ya sita.

Siku nne zikapita kimya, na fundi akashukuru kwamba mzee ametulia. Jumamosi binti akaja, akaondoa kifuniko, akashika kichwa.

"Mama, wamebadilisha kila kitu! Maneno tuliyoongeza wameyatupa ukurasa wa pili. Hapa penye choo ndipo palipokuwa na 'Bosi, njoo.'"

Fundi akakaa sakafuni.

"Alikuwa ananiita," akasema. "Mara tano ananiita, mimi namkalisha chooni."

"Mama, hukujua."

"Rudisha ile ya zamani."

"Nimejaribu. Hairudi."

Binti akawaandikia wenye programu. Wakajibu upesi kwamba wanathamini sana maoni yake. Akahangaika hadi akaileta "Bosi, njoo" ukurasa wa kwanza, ila si kwenye kona, ni juu katikati. Fundi akakata plastiki nyingine, matundu sita ya mviringo, akashona huku haoni vizuri kwa machozi. Akapiga magoti mbele ya mumewe, akamwomba radhi, akakishika kile kidole akakiweka kwenye tundu jipya.

"Bosi, njoo," sauti ikasema.

"Nimekuja, mume wangu. Niite tena."

Redio akauvuta mkono wake taratibu, akauingiza chini ya shuka, akageukia ukuta.

Tangu hapo kila asubuhi fundi huichaji tableti, huifuta vumbi, na huiweka mapajani mwa mumewe. Jioni huiondoa kama alivyoiweka. Wiki iliyopita mteja aliyekuja kuchukua sare alichungulia mlango wa chumbani.

"Mzee hajambo? Siku hizi simsikii akikuita."

"Hajambo," fundi akasema, akikunja sare. "Nilimwambia aniache nifanye kazi. Ameniacha."