Eneo Namba Kumi na Nne

…na hicho kikopo cha wino kimeshafika kwa wajumbe wa kata ya Tazrut, Tazrut wako wanne, kisha Imin-Tala watatu, kisha mjomba Ider wa kwetu Ayt Wanir, yaani watu saba tu kati ya wino na dole gumba lake, na mimi nimekaa hapa kando ya ramani niliyoichora mwenyewe, natabasamu kama bibi harusi, moyo unanidunda mpaka naona aibu, na bosi wangu Benjaafar wala hana habari, anakoroga chai, anasema kwa Kiarabu chake cha mjini, "Miaka mitatu, mabwana, kata tatu, mpango mmoja, nani angeamini?" na kweli nani angeamini, hawa hawajawahi kukubaliana hata mfereji upite upande gani, kikao cha kwanza mjumbe wa Imin-Tala alimwambia wa Tazrut, "Ninyi mnajenga kama mnavyokula, mpaka mtapike," tukafunga kabla chai haijamiminwa… leo wametulia, nyumba mpya hazitamwagika tena ovyo kwenye mashamba ya bondeni, zote zinakwenda juu, kwenye ardhi ya Ayt Wanir, eneo namba kumi na nne, lile nililolipaka kijivu, kijivu maana yake ardhi isiyotumika, na nani kasema haitumiki, mimi, sahihi yangu iko pale chini ya ramani, nzuri, yenye mkia… wawili wa Tazrut wameshaweka dole, wamebaki watano, sita, hesabu gani hii, tulia Tuda… ni kosa la kazi tu, kila mtu hukosea, picha zilipigwa Aprili kutoka angani, hakuna kondoo, hakuna hema, hakuna hata unyayo, Benjaafar akasema, "Tupu kabisa, zawadi ya Mungu hii," na fomu ina visanduku viwili tu, inatumika, haitumiki, sasa mimi ningeweka alama wapi… wee, hebu acha hizo, Aprili! Aprili agdali imefungwa, kila mwaka baraza la Ayt Wanir linayafunga yale malisho ya juu mpaka majani yakomae na kumwaga mbegu, hapiti mbuzi, hapiti mtoto wa mtu, halafu mwezi wa saba wanafungua na mifugo ya nyumba sitini inapanda siku moja, na huko ndiko inakopona mpaka theluji, sasa utupu ule ndiyo matumizi yenyewe, na ukijenga pale hao sitini watashusha kondoo wao wapi, barabarani?

"Angalia dole lako," mmoja wa Imin-Tala anamtania mwenzake, "mkeo akiliona atasema umepakwa hina ya mke wa pili," wanacheka, mjomba naye anacheka, ameshakunja mkono wa joho, ameshajitayarisha, maskini… nilikuwa na miaka minane nilipompitisha mbuzi wa bibi kwenye agdali iliyofungwa, mlinzi akanishika sikio, "Mtoto wa nani wewe, huoni pamefungwa?" na bibi akatozwa faini ya kulisha baraza zima, akachinja beberu, akawapikia, akawanawisha mikono wanaume wale mmoja mmoja bila kunung'unika, walipoondoka akaniambia, "Haya, sasa usije ukaniambia hukujua," kwa hiyo kosa la kazi lipi, Tuda, unamdanganya nani, ulipoziona zile picha ulijua palepale, tena ulitaka kusema, mwezi wa tano ulianza kumwambia, "Bwana Benjaafar, kule juu kuna desturi fulani…" akakukata, "Tuda, sisi hatuchori desturi, tunachora ardhi," ofisi nzima ikacheka na wewe ukacheka, hilo ndilo linalonichoma, nilicheka, nilicheka kuliko wote, niliona haya kuwa mtu wa milimani mbele yao, nikaweka alama kwenye haitumiki nikaenda kula… na mjomba wiki iliyopita aliwaambia watu wake, nilikuwepo, "Mimi ramani siijui, lakini mle ndani tunaye mtu wetu," wakaniangalia kwa fahari, nami nikainamia glasi yangu ya chai.

Kikopo kiko mbele yake. "Mpwa wangu," ananiuliza kwa lugha yetu, "hii kijivu hapa juu ndiyo nini?" na Benjaafar kalidaka neno moja tu, kijivu, kidole cha mzee kinaonyesha, basi anarukia, "Tupu, mzee, ardhi tupu tu, weka hapa," mjomba hamwangalii, ananiangalia mimi, "Kama ameichora Tuda, basi," Yarabi… nimnong'oneze kwa lugha yetu, usiweke, mjomba, sema kichwa kinakuuma, sema umesahau miwani, Benjaafar hataelewa, kazi yangu itabaki… na kesho je, kesho watasema Ayt Wanir ndio walioharibu, mzee mmoja mkaidi kaangusha kazi ya miaka mitatu, Tazrut watamtukana sokoni mpaka afe, na mimi nitakuwa nimekaa ofisini nakunywa kahawa, la, hiyo ni kucheka mara ya pili… dole limeshachovya, liko hewani, jeusi, anasubiri, "Niweke, mwanangu?" na mimi nikisema, mpango unavunjika leo hii, wajumbe watapiga meza, Benjaafar atanifukuza kabla jua halijazama, ana haki pia, na nyumba zitaendelea kula bonde mpaka tuanze upya, najua, najua yote hayo, ila sitalisema kwa lugha yetu, nitalisema kwa Kiarabu, kwa sauti, kwamba pale palikuwa pamefungwa, si patupu, na aliyeandika uongo ni mimi, katibu aandike jina langu zima, si la mzee, dole bado liko hewani, tone la wino linataka kuanguka kwenye hati, naogopa, wallahi naogopa sana, na huku nasukuma kiti nyuma.