Watoto Wasioitwa

Katika nchi ya Kunguwa, na msijisumbue kuitafuta kwenye ramani, mtoto hakuwa na jina mpaka Mfalme amtamkie. Wafalme wa zamani waliimaliza kazi hiyo asubuhi moja kila mwezi, watu wakaenda zao kula pilau. Huyu wa sasa akagundua kwamba mzazi anayengojea jina hupiga makofi kwa nguvu zaidi. Basi akaanza kuchelewesha. Aliyemkosoa, au aliyepiga makofi kivivu, mwanawe alibaki kuitwa "wewe" tu. Na mzazi aliyethubutu kumpa mtoto jina mwenyewe alikatwa ulimi.

Bi Zamda, msomaji wa nyaraka za Baraza, alikuwa na mjukuu wa namna hiyo. Miaka minne, mdomo haupoi kutwa nzima, jina hana. Kosa la bibi lilikuwa kupiga chafya katikati ya hotuba.

Jumatano moja asubuhi Mgeni akaingia barazani. Kanzu imepigwa pasi ikanyooka, salamu zake tamu, lakini mbwa wa ikulu walijikunyata chini ya viti wakajikojolea. Bi Zamda alimjua palepale kuwa ni Ibilisi. Kila mtu alimjua. Wakamkaribisha kahawa.

"Nitakupa dhahabu yote iliyo chini ya mlima wako," Mgeni alimwambia Mfalme. "Nami sitaki makubwa. Ijumaa adhuhuri nitachukua kila mtu ambaye hapana anayemwita kwa jina."

Mfalme alicheka mpaka akapaliwa. "Hao? Si vile vitoto vya wakaidi? Chukua, bwana! Utakuwa umenipunguzia makelele."

"Hekima iliyoje, Mtukufu!" akasema Waziri Mkuu, na Baraza zima likapiga makofi.

Bi Zamda akapewa mkataba ausome kwa sauti. Herufi zikawa zinamchezea machoni. Kabla hajafika mwisho, Mfalme alikwisha kugonga muhuri. Bibi akamvuta Waziri kando.

"Bwana Waziri, mjukuu wangu yumo humo."

"Nakuheshimu, bibi yangu, lakini nyamaza. Utatuponza sote."

Alirudi nyumbani. Aliogopa, tena aliogopa sana, wala haoni haya kusema hivyo mpaka leo. Aliufikiria ulimi wake na kisu cha askari wa mlango wa baraza. Uani mjukuu wake alikuwa amechuchumaa akiosha kikombe kilichovunjika mkono. Keshokutwa asingekuwepo. Bibi akafunga mlango wa uani, kisha akaufungua tena, maana jina ambalo jirani hakulisikia halikuhesabika kuwa jina.

"Mwanaheri!" Sauti ilitoka nyembamba. Akarudia kwa kelele. "Mwanaheri, njoo!"

Mtoto akageuka huku na huku. "Nani huyo, bibi?"

"Ni wewe, mama. Ni wewe."

Jirani akaacha kutwanga. Bi Zamda akafumba macho, akingoja vishindo vya askari. Alichosikia ni jirani yuleyule, naye akitetemeka: "Shaibu! Ewe Shaibu, itika basi!" Hadi jioni mtaa mzima ulikuwa ukiita, na Alhamisi nchi nzima, watu wakilia na kutazama nyuma yao. Askari nao walikuwa makwao, wakiita.

Ijumaa Mgeni alipita nyumba kwa nyumba. Kila alikonyoosha mkono, mama aliita na mtoto akaitika. Adhuhuri akaingia barazani, safari hii bila salamu.

"Nimetoka kapa," akasema. "Lakini mkataba ni mkataba. Wewe, nani anakuita kwa jina?"

"Mimi ni Mfalme!"

"Hicho ni cheo."

Kumbe miaka thelathini alikuwa amepiga marufuku jina lake kutajwa. Jasho likamtoka. "Naitwa Mbaruku!" akapiga ukelele.

"Jina ni la kuitwa, bwana. Si la kujitaja."

Mfalme akawageukia mawaziri. "Niiteni! Nawaamuru! Nawaomba, jamani!"

Hakuna aliyefungua kinywa. Mwaka uliopita aliwaomba hivyohivyo kwa kuwajaribu, na mjinga aliyemwitikia ni bubu hadi sasa. Bi Zamda alimjua Mfalme tangu utotoni. Jina likamfika kwenye meno. Akamwona askari mlangoni ameshika kisu, akalimeza. Mgeni akamshika Mfalme kiganja, na mara kiti kikawa kitupu, kilemba kiko sakafuni.

Halafu Waziri Mkuu akakiokota kile kilemba, akakipangusa vumbi, akakivaa na kuketi kitini.

"Kuanzia leo," akasema, "jina langu lisitajwe. Mtaniita Mfalme."

Baraza likapiga makofi. Mikono ya Bi Zamda nayo ilikwisha kuinuka yenyewe, kwa mazoea. Akaishusha. Moyo ulimdunda kuliko Jumatano ile, na askari wa mlangoni alikuwa akimtazama yeye.

"Makame," akaita.

Makofi yakakatika.

"Makame wa Mzee Dhahiri. Ondoka kwenye hicho kiti."