Mkanda wa Bi Mkubwa

Fundi viatu alikuwa amepiga magoti kando ya tumbo la farasi, akikaza mkanda wa tandiko, na farasi alikuwa amejaza pumzi. Ni ujanja wa farasi wengi. Ukimfunga mkanda anajivimbisha. Ukishapanda anatoa pumzi, mkanda unalegea, na wewe na tandiko lako mnakwenda chini. Bi Mkubwa, jike la kijivu lililokuwa zee kuliko wote pale, alikuwa bingwa wa mchezo huo. Dawa yake ni kusubiri. Fundi akasubiri, lakini asubuhi ile pumzi haikutoka.

Dada yake, mwenye farasi, ndiye aliyemwita kutoka mjini aje amsaidie kuvuka kiangazi. Moto ulikuwa unakula mlima tena na moshi umetanda bondeni, na hakuna mteja anayekuja kupanda farasi ambaye hata masikio yake hayaonekani. Fundi alikuja na sindano zake, na moyoni alikuja na neno moja: uza. Alimhurumia dada yake, na huruma ikikaa sana hugeuka ubishi.

Hakupata nafasi ya kulisema. Kufikia adhuhuri Bi Mkubwa alikuwa amevuta moshi wote wa bonde na kuubana. Anga likatakata, kuku wakarudi uani, na mlima ukaonekana ukiwaka vizuri tu, bila moshi. Tumbo la farasi lilikaribia kugusa kuta zote mbili za banda. Dada akasema mkanda utakatika, basi fundi akakata ngozi akaunga kipande. Jumamosi wateja walijaa.

Siku chache baadaye akaja mkaguzi wa mioto, pamoja na meneja wa shamba la miti lililoko mlimani. Meneja alikuwa mtu mchangamfu, na wateja wengi wa farasi walikuwa wageni wake. Mkaguzi akanywa maji, akaeleza kwamba chanzo cha moto kimejulikana: vyuma vya kwato viligonga mawe ya njiani, cheche zikaruka. Biashara itabidi ifungwe.

Dada alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Baba yao alimwachia yeye farasi, na mdogo wake, yule fundi, akaachiwa cherehani ya viatu. Dada hakuwahi kulalamikia mgawo huo, hata miaka ya njaa. Fundi alimtazama akaona uchungu hadi akasahau kabisa habari ya kuuza. Akaenda kumfungua Bi Mkubwa mkanda.

Farasi akashusha pumzi. Moshi ulitoka kwa mpango, ule wa karibuni kwanza: harufu ya majani, kisha ya magome, kisha ya petroli. Mwisho kabisa ikatoka sauti ya meneja, iliyokuwa imenaswa katika moshi wa siku ya kwanza.

“Chomeni visiki vyote upande huu. Upepo ukigeuka, tutasema ni wale farasi.”

Kikafuata kikohozi, nacho pia kilikuwa cha meneja.

Mkaguzi aliomba dirisha lifunguliwe, kisha akakumbuka kwamba wako nje. Meneja akatazama viatu vyake, akamwuliza fundi kama soli ile inashoneka. Fundi akasema inashoneka.

“Tumesikia sote,” dada alisema.

“Nimesikia, mama,” mkaguzi akajibu. “Tena imesikika vizuri. Lakini farasi hawezi kula kiapo.”

“Basi nitaapa mimi.”

“Wewe hukuwepo. Aliyekuwepo ni moshi.”

Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, walisema wahenga, ila hawakutaja nani ampe. Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Aliamua biashara isifungwe: farasi wavuliwe vyuma, wavae viatu vya ngozi. Chanzo cha moto kikabaki kuwa kwato. Meneja akampa kila mtu mkono, akaomba awekewe farasi wapole Jumamosi.

Walipoondoka, bonde lilikuwa limejaa moshi tena.

“Mfunge mkanda, mdogo wangu,” dada alisema.

“Nikimfunga, ataimeza na ile sauti.”

“Najua. Na wageni wasipokuja, Bi Mkubwa atakula nini? Moshi?”

Fundi akamfunga. Ilimuuma, lakini alikaza vizuri, na farasi akavuta vyote.

Hakurudi mjini. Alishona viatu vya ngozi, vinne kwa kila farasi, na wateja wakavipenda kwa sababu havina kelele. Mvua ziliponyesha Bi Mkubwa alipumua kidogo kidogo, na watu wakadhani ni ukungu. Hata soli ya meneja ilishonwa.

Kiangazi kilichofuata, asubuhi moja, harufu ya petroli ilishuka kutoka mlimani. Farasi walikuwa wamefungwa bandani. Bi Mkubwa akainua pua. Dada akaenda kufagia uwanja, maana kulikuwa na wageni, na fundi akachukua msumari na nyundo, akatoboa tundu jingine karibu na ncha ya mkanda.